Kabla ya kuwapeleka watoto Kaole, wasomeeni habari za puto

Mwaka juzi, likizo ya Juni, kaka yangu aliniletea wanawe wawili kutoka Dar: Nasri wa miaka 12 na mdogo wake Rukia wa miaka tisa. Walifika hapa Bagamoyo na simu iliyojaa video za binamu yao aliyeko Ufaransa. Binamu alikuwa ametembezwa mjini Nantes kwenye karakana ya mashine za ajabu, akapandishwa juu ya tembo wa mbao na chuma mwenye kimo cha mita 12, anayetembea barabarani na kurusha maji kwa mkonga. Tembo huyo yupo tangu 2007, na waliomtengeneza wamechota mawazo kwa Jules Verne, mwandishi wa hadithi za sayansi aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1828. Nasri akaniuliza, "Shangazi, na hapa kwenu kuna nini cha namna hiyo?"

Nikamwambia hakuna, yapo magofu tu. Kesho yake nikawapeleka kwenye magofu ya Kaole saa saba mchana, jua la utosi, bahari imejaa. Wakatazama kuta za matumbawe, wakazunguka makaburi mara moja, na kabla nusu saa haijaisha wakaomba turudi mjini kula chipsi. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewaonyesha mawe bila kuwapa neno la kuyatazamia.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka kitu nilichowahi kukisoma zamani, nikakitafuta kwenye simu hadi nikakipata. Riwaya ya kwanza kabisa aliyoichapisha Jules Verne, iliyotoka Januari 1863, inahusu Waingereza watatu wanaoivuka Afrika kwa puto majuma matano. Wanapaa kutoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862, saa tatu asubuhi. Na kijiji kinachotajwa kwa jina mara tu wanapoingia bara, katika sura ya 12, ni Kaole. Kaole hiihii, kilomita tano kusini ya mji wetu. Mtoto aliyetaka mahali pa hadithi za sayansi alikuwa amesimama juu yake mchana ule, na mimi shangazi yake sikumwambia.

Tangu siku hiyo nimeshawapeleka watoto wa ukoo na wa majirani mara nne, na nimejifunza mambo ambayo ningependa mzazi yeyote anayekuja Bagamoyo likizo ayajue. Msitegemee kukuta bango wala sanamu ya puto. Kila kitu mtakibeba wenyewe, vichwani.

Someni kwanza nyumbani, tena sura ile moja tu. Verne alifariki mwaka 1905, kwa hiyo kitabu kimeshatoka kwenye hakimiliki na tafsiri yake ya Kiingereza, Five Weeks in a Balloon, inapatikana bure kwenye intaneti. Mimi huifungua kwenye simu baada ya chakula cha usiku, nasoma aya moja kimoyomoyo, kisha naisimulia kwa Kiswahili. Daktari Fergusson ndiye kiongozi, Kennedy ni mwindaji wa Kiskoti, Joe ni mtumishi. Wanavuka bahari kwa muda wa kama saa mbili, wanashuka hadi futi 300, yaani mita 90 hivi, juu ya Mrima, ndiyo pwani yetu ya bara, na chini yao wanaona miti imepanga ufukweni na mizizi yake imeachwa wazi na maji yaliyokupwa. Baada ya hapo ni Uzaramo, na usiku wa kwanza wanalala karibu na mlima Duthumi. Mama yangu ni Mzaramo. Watoto waliposikia Uzaramo imo katika kitabu cha Mfaransa cha mwaka 1863, walikaa wima.

Hapo pana jambo dogo ambalo Nasri alinifurahisha nalo. Tafsiri ya Kiingereza tuliyokuwa nayo inasema miti ile ya ufukweni ni miembe. Nasri akauliza, mwembe gani unaota ndani ya bahari? Kifaransa cha Verne mwenyewe kinasema mangliers, yaani mikoko. Mfasiri ndiye aliyeteleza, na mtoto wa darasa la sita amemkamata kwa sababu amewahi kuona mkoko kwa macho.

Kwa sababu ya mikoko hiyo, chagueni siku kwa kuangalia mwezi. Nendeni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kwa kuwa siku hizo kwenye pwani yetu maji hukupwa sana yapata saa nne asubuhi. Mkifika Kaole saa tatu na nusu mtatembea magofuni kabla jua halijawa kali, kisha mshuke ufukweni mkute kile alichokieleza Verne: mikoko imesimama kwa miguu yake mirefu iliyopinda, na michu, jamii ya mikoko, imetoa vidole vyake juu ya tope. Siku za maji mafu, yanayokupwa kidogo tu, hamtaona hata nusu yake. Vaeni viatu vinavyofungwa, maana tope la pale linavua makubazi na kubaki nayo. Chukueni maji ya kunywa, kofia, na shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa mikokoni. Kutoka mjini bajaji inatosha. Patana na dereva awasubiri au arudi saa mnayotaka.

Mkishafika, pimeni puto. Usiache hili. Verne ametoa vipimo: upana futi 50, kimo futi 75. Futi 75 ni kama mita 23, sawa na mnazi mrefu, nayo minazi ipo ya kulinganishia. Kwa upana, chukueni kamba ya mita saba na nusu, mtoto mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke akichora mchangani kwa kijiti. Fanyeni ufukweni au kwenye uwanja mtupu, si katikati ya makaburi. Pale pana kaburi la Sharifa ambalo watu bado huja kuomba dua, na msikiti hata ukiwa gofu ni msikiti. Rukia alipomaliza kuzungusha duara akasimama ndani yake, akatazama juu muda mrefu, mdomo wazi.

Nyumbani tulifanya na jaribio. Nilitaka kutumia mfuko mwepesi wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, nikashukuru baadaye kwamba tulilazimika kutumia karatasi. Tulinunua karatasi laini za tiara, tukaunga vipande vinne kwa uji mzito wa ngano, tukapata kiputo chenye mdomo chini. Tukakishika juu ya jiko la mkaa uani, mkaa ukiwa umekolea na hauna ulimi wa moto. Puto la kwanza tulilishusha mno, cheche ikaruka, karatasi ikawaka mkononi kwangu. Nina alama ndogo kidoleni. Kwa hiyo weka ndoo ya maji pembeni, na mtu mzima ndiye ashike. La pili likajaa taratibu, likanyooka mikunjo yake mmoja mmoja kama shuka lililoanikwa penye upepo, likaniponyoka vidoleni likapanda hadi usawa wa bati la jikoni, likapoa, likashuka kichwani kwa Nasri. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi kuliko ya nje. Ndugu wa Montgolfier waliorusha puto lao hadharani Ufaransa mwaka 1783 walitoka katika familia ya watengeneza karatasi, na puto lao lilikuwa la kitambaa na karatasi.

Puto la Verne ni jingine. Limejazwa haidrojeni, na Fergusson anaipasha joto gesi hiyo kwa moto unaopita kwenye mabomba, apande na kushuka bila kumwaga mchanga wa kupunguza uzito wala kupoteza gesi. Hapo ndipo hadithi inapokuwa ya sayansi, na hapo ndipo mtoto anatakiwa kuulizwa: ungepanda? Haidrojeni inashika moto upesi mno. Pilâtre de Rozier, mmoja wa watu wawili wa kwanza kuruka angani kwa puto lisilofungwa kamba, alijaribu mwaka 1785 kuunganisha haidrojeni na moto ili avuke bahari kwenda Uingereza. Alianguka akafa. Verne aliandika miaka karibu 80 baadaye, na kwenye karatasi akaupitisha moto salama. Nasri aliniambia asingepanda. Rukia alisema angepanda kama Babu wa jirani atakuwemo.

Babu huyo ni mvuvi, ameacha bahari miaka michache iliyopita kwa sababu ya goti. Nawashauri mtafute mtu wa aina yake, kwa maana alitufungulia kitabu kuliko mimi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu," wakamweleza safari yote. Akauliza swali moja, mwezi gani? Wakamwambia wa nne.

"Mwezi wa nne kaskazi imekufa, kusi ndiyo inaingia," akasema. "Na mvua za masika hizo. Mtu akiruka Unguja na kusi, mimi hanikuti Kaole. Atakuwa Pangani huko, kaskazini."

Ni kweli kwamba Verne amempa Fergusson anga safi na upepo wa wastani, wakati sisi huku mwezi huo nguo hazikauki. Verne hakuwahi kufika pwani hii. Nasri akamtetea daktari: puto lilipofika futi 1,500 likakuta mkondo mwingine ukalipeleka kusini-magharibi, na mtambo wote ule umebuniwa kwa ajili hiyo, kupanda na kushuka kuutafuta upepo unaoutaka. Mzee akafikiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi anautafuta juu kama sisi tunavyoutafuta chini. Huyo nahodha."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sura ile ina aya ambayo lazima uamue utaifanyaje kabla hujaanza kusoma. Puto linapopita Kaole, kijiji kizima kinatoka nje, kinapiga kelele za hasira na hofu na kulirushia mishale. Sura mbili mbele kuna maneno mabaya zaidi, ya kuwafananisha Waafrika na nyani. Hayo siwasomei watoto wadogo, na hata wakubwa nawasomea nikiwa nimekaa nao. Lakini aya ya Kaole siiruki. Mara ya kwanza niliifikia sauti ikanipungua. Rukia akauliza, "Shangazi, hao wenye mishale ni sisi?"

Usijibu palepale ukiwa sebuleni. Mpeleke Kaole akajibiwe na Kaole. Mwoneshe misikiti miwili ya mawe, mmoja wao unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mwoneshe makaburi yenye nguzo, yaliyopambwa kwa vibakuli vya kaure. Ingieni jumba dogo la makumbusho mtazame vyombo vilivyotoka China, vilivyoletwa na biashara ya bahari hii kabla Mzungu yeyote hajapita. Mweleze kwamba Juni 1857 wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walianzia hapahapa safari yao ya kwenda maziwa ya bara, na kwamba Verne alisoma habari za safari hiyo, ndiyo maana anaijua Kaole na Uzaramo na Duthumi kwa majina. Kwa hiyo mwaka 1862 watu wa Kaole walikuwa wameshawaona Wazungu, wameshawauzia, wameshabishana nao bei. Watu wa bahari, wanaojua tanga na upepo, wangeona kitambaa kikubwa kinasukumwa na hewa, wangekuwa na mengi ya kusema kabla ya kushika mshale.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kuwa na hadithi ya sayansi inayopita juu ya kwenu. Ukiwa Nantes unapanda tembo, unatazama chini. Ukiwa Kaole wewe ni yule aliye chini, na kitabu hakikumuuliza aliona nini. Nafasi hiyo iko wazi. Mpe mtoto daftari.

Mimi huwakalisha kivulini, kila mtu na kalamu yake, nawaambia waandike sura ya 12 kutoka ardhini. Sharti ni moja: asitajwe mtu ambaye hana kazi anayoifanya wakati puto linatokea. Anayeshona jarife, ule wavu wa kuvulia, aseme anashona jarife. Wakubwa nao waandike; baba mmoja aliyekuja na wanawe kutoka Morogoro aliandika kurasa tatu akasahau kula. Usisahihishe, wala usiwaharakishe kwa sababu ya bajaji.

Nasri aliandika juu ya fundi wa majahazi anayelipigia hesabu puto, tanga lake limeshonwa mishono mingapi. Ilikuwa nzuri, ndefu, yenye michoro. Ya Rukia ilikuwa mistari sita. Bibi mmoja wa Kaole ameanika mpunga kwenye jamvi siku ya kwanza ya jua baada ya mvua za wiki nzima. Kivuli kikubwa kikaja kutoka baharini kikafunika jamvi lote. Bibi hakutazama juu. Akawaita wajukuu, "Anueni mpunga, mvua hiyo!" Wakakimbia, wakaingiza jamvi ndani. Kivuli kilipopita, wakautoa tena wakauanika.