Maji yanatosha, ila ujue baridi ya Mbeya

Juzi mwanafunzi wa Iringa ameniandikia: "Dada, shikamoo. Daikloromethani imeisha maabara na projekti sijaanza. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kiyeyushi hicho kikiisha, tumia maji.

Watakucheka, najua. Nilipopeleka pendekezo la kutengeneza kalkoni, kiwanja cha njano kinachotokana na malighafi mbili za mafutamafuta, benzaldehaidi na asetofenoni, ndani ya maji, mwalimu aliyenisimamia alilisoma mbele ya wenzangu, akaniambia nirudi sekondari nikafundishwe kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma.

Havichanganyiki mpaka utie safaktanti, yaani kitu cha jamii ya sabuni. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikifika kiwango fulani hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje, zikawa misela, na humo ndimo benzaldehaidi na asetofenoni hubanana zikakutana upesi. Bruce Lipshutz na wenzake kule California walitengeneza safaktanti iitwayo TPGS-750-M kutokana na vitamini E, wakaitangaza 2011: asilimia 2 tu kwenye maji, na mmenyuko wa Suzuki, ule wa kuunganisha kaboni na kaboni, unakwenda bila kuchemsha. Sisi hatuna hiyo. Tuna CTAB, safaktanti ya kawaida, na kwa kalkoni inatosha kabisa.

Ila "halijoto ya chumba" wanayoiandika wenzetu si ya Mbeya mwezi wa saba. CTAB ikishuka chini ya nyuzi 25 hivi huanza kujitenga na maji ikawa fuwele, na misela hazijengeki. Asubuhi ya jaribio langu nilikuta chupa ya CTAB imejaa vipande vyeupe vinavyometameta. Nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ikarudi angavu. Nikatia benzaldehaidi, asetofenoni na sodiamu haidroksaidi, nikakoroga kwa nguvu mpaka mafuta ya njano yakatokea. Nilipoyatoa kwenye beseni, baridi ileile ikayagandisha! Nikachuja, nikaosha, nikasafisha kwa ethanoli kidogo. Yakayeyuka kwenye nyuzi 56, penyewe hasa pa kalkoni safi. Nilimpelekea yule mwalimu juu ya karatasi ya kuchujia, nikaiweka mezani pake bila kusema neno.

Kwa hiyo pasha kidogo, koroga sana, na usizidishe CTAB, povu litakukwamisha kwenye kuchuja. Ukiwa na SDS, safaktanti nyingine, yenyewe huvumilia baridi zaidi. Tuache kukaa tukisubiri mzigo wa viyeyushi kutoka Dar huku muhula unaisha. Nchi yetu inahitaji wanakemia wanaofanya kazi na kilichopo. Na yale maji ya CTAB usiyamwage mferejini, yanaua samaki. Yahifadhi, uyatumie kwenye mmenyuko unaofuata.