Kifurushi kimechelewa: je, nilalamike kwenye ukurasa wa Posta?

Ndugu muulizaji, umesema kifurushi chako kutoka China hakijafika na unataka kulalamika kwenye ukurasa wa Facebook wa Shirika la Posta Tanzania. Ukurasa wa namna hiyo unafaa kwa maswali ya jumla, kama saa za kazi na ada, lakini suala la kifurushi kimoja lipeleke kwa ujumbe wa faragha pamoja na namba ya ufuatiliaji, ambayo kwa kawaida ina herufi 2, tarakimu 9 na herufi 2 za nchi kilikotoka, yaani CN. Usiiweke kwenye maoni, kwa kuwa matapeli wanaweza kukuandikia wakijifanya wafanyakazi na kudai “ushuru”. Tena anayejibu pale mara nyingi ni ofisa mawasiliano, wala si mpanga vifurushi (wateja wenye hasira husahau hili).

Hata hivyo, malalamiko ya mtandaoni hayachukui nafasi ya ombi rasmi la ufuatiliaji, ambalo Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unataka liwasilishwe ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ile ya kutumwa. Mwombe muuzaji alifungue huko kwao mapema, nawe uulize dirishani ukiwa na kitambulisho.