Staki: jiulize nani bado anasubiri jibu

Maswali mengi ya programu kuhusu safu, yaani orodha ya namba zilizopangwa, yana sura moja: kwa kila namba, itafute namba ya kwanza upande wa kulia iliyo kubwa kuliko hiyo. Wazo la haraka ni vitanzi viwili (sehemu za programu zinazojirudia), kimoja ndani ya kingine. Sasa chukua safu ya namba 100,000 zinazoshuka tangu mwanzo hadi mwisho: utalinganisha karibu mara bilioni 5.

Nikikutana na swali la namna hii, msimbo nauacha kwanza. Najiuliza: nikifika hapa, ni namba zipi za nyuma ambazo bado hazijapata jibu? Hizo ndizo zinazokaa kwenye staki, yaani rundo ambalo cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka.

Tuseme safu ni 4, 2, 3, 1, 5. Inaingia 4, kisha 2. Ikija 3 inaitoa 2 na kuwa jibu lake; 4 haiguswi, maana bado ni kubwa. 3 inakaa juu ya 4, na 1 juu ya 3. Ikifika 5 inazitoa zote tatu mfululizo. Yenyewe haina jibu, tunaiandikia -1.

Ndiyo, hata hapa kuna kitanzi ndani ya kitanzi, na ndipo wengi wanaposhtuka. Lakini kila namba huingia mara moja na haitoki zaidi ya mara moja. Kwa zile namba 100,000, kuingia na kutoka kote hakuzidi 200,000.

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote: weka kwenye staki nafasi ya namba (ni ya ngapi kwenye safu), usiweke thamani yake. Thamani utaisoma kwenye safu wakati wowote. Umbali huwezi kuukisia. Swali la mstatili mkubwa kabisa ndani ya chati ya nguzo haliendi bila hilo. Huko nguzo hutolewa ikija iliyo fupi zaidi, na upana wake ni nafasi zote zilizo kati ya hiyo fupi na ile iliyobaki juu ya staki. Staki ikiwa tupu, hesabu tangu mwanzo wa safu. Mimi huongeza nguzo ya urefu 0 mwishoni, zilizosalia zikatoka zenyewe. Jaribu na 3, 1, 4, 4, 2, upate 8.

Zinazolingana zina mtego wake. Kwenye mstatili, ukitoa nguzo zilizo sawa au ukiziacha, jibu la mwisho ni lile lile. Kwenye swali la kwanza sivyo: 7, 7 lazima itoe -1, -1, na alama moja ya "sawa" ikizidi kwenye sharti la kutoa (<= badala ya <), 7 ya kwanza itajibiwa 7.