Mlango wa mafuta ukigoma kufunguka, weka bisibisi chini kwanza

Mdogo wangu unayeanza ufundi wa magari, siku moja utaletewa gari la zamani ambalo mshale wa mafuta umelala chini kabisa na mlango wa mafuta umegoma kufunguka. Mwenyewe ameshahangaika nao kwa kucha, kwa funguo, pengine hata kwa kisu. Ana haraka, na macho yake yote yako mikononi mwako. Hapo ndipo mkono unapokimbilia bisibisi.

Mimi niliikimbilia. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Nikachomeka bisibisi bapa ukingoni na kuukandamiza. Mlango ulifunguka, lakini ukingo wake ulipinda, rangi ikabanduka hadi bati likaonekana, na tangu hapo haukukaa sawa na bodi. Fundi aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza. Alipiga magoti upande wa dereva, akanyanyua zulia, akaniita nitazame. Kwenye leva ya kufungulia kulikuwa na kitundu kitupu, na pembeni yake ukining'inia waya wenye kifundo cha chuma kidogo kama punje ya mtama. Kifundo kilikuwa kimechomoka, basi. Alikirudisha kwa vidole viwili. Gari lile lilikwenda kunyooshwa na kupakwa rangi kwa kosa ambalo halikuwa kwenye bodi hata kidogo.

Tangu siku ile naanza na mkono na sikio, na ningependa nawe uanze hivyo.

Kwanza jua mlango wenyewe unafunguliwaje. Magari mengi ya zamani yana leva karibu na kiti cha dereva, na kutoka hapo kebo hupita chini ya zulia na ndani ya ubavu wa gari hadi kwenye ulimi unaoushika mlango. Mengine yana kitufe kinachopeleka umeme kwenye mota ndogo. Mengine hayana leva wala kitufe: unabonyeza mlango wenyewe nao unaruka, na hayo kwa kawaida hufuata kufuli za milango ya abiria. Kwa hiyo kama gari ni la aina hiyo ya tatu, fungua milango yote kabla hujagusa kitu. Mwenye gari ambaye rimoti yake imekufa akifungua mlango wa dereva peke yake kwa ufunguo, mlango wa mafuta unaweza kubaki umefungwa, na hapo hakuna kilichoharibika.

Sasa leva. Ivute taratibu, usiinyakue, na usikilize mkono wako unakuambia nini. Ikija bila uzito wowote, kama unavuta hewa, kebo imekatika au kifundo chake kimechomoka upande mmoja. Anza upande wa leva, maana ndio rahisi kuufikia. Ikiwa ngumu kama imefungwa na mtu, kutu imeshika ndani ya ganda la kebo au kwenye ulimi. Usiendelee kuivuta kwa nguvu, kwa sababu kebo iliyoshikwa na kutu hukatika, na leva za plastiki huvunjika shingoni. Utakuwa umeongeza ubovu wa pili juu ya wa kwanza. Na ikiwa ina uzito wa kawaida, ukasikia "tak" kule nyuma lakini mlango ukabaki palepale, basi ulimi umeachia. Kinachokosekana ni kitu cha kuusukuma mlango nje: springi imelegea, imepinda au imedondoka, au bawaba imekauka kwa vumbi na kutu.

Kuna hali nyingine iko katikati ya hizo, nayo huwachanganya wengi. Leva ina uzito, unasikia kitu kinasogea, lakini ulimi hautoki wote. Kebo inapozeeka hulegea, au ganda lake huchomoka kwenye kishikio. Ganda likikosa pa kujiegemeza, ukivuta waya unakuja na ganda lote, na kule mwisho ulimi unasogea nusu tu. Ukiwa na mwenzako hapo, mwambie avute leva na kuishikilia. Wewe weka kiganja kwenye mlango, usukume ndani kidogo, kisha uachie. Kuusukuma ndani kunapunguza mgandamizo juu ya ulimi, nao unateleza. Nimefungua milango mingi sana kwa njia hii, hasa baada ya gari kupakwa rangi upya, ambapo rangi imejaa kwenye mkato na kuushika mlango kama gundi. Kama unahitaji kitu cha kuusaidia mlango kutoka, tumia kipande cha plastiki chembamba au kadi ya zamani, na ubandike utepe wa karatasi kwenye rangi pande zote. Chuma hapana.

Ikishindikana, ingilia ndani ya buti. Hapa nakuomba unisikilize vizuri kuhusu usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, na buti ni mahali pazuri pa kujikusanyia. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi chini ya nyuzi 40 za hasi, kwa hiyo usijidanganye kwamba hali ya hewa itakukinga. Fungua buti na milango ipitishe hewa. Usitumie grainda wala moto wa kulainishia plastiki, na taa yako iwe tochi ya LED, si taa ya balbu inayopata moto. Ukinusa petroli ndani ya buti, acha habari ya mlango kwanza; tafuta inakovuja.

Bandua kava la ubavuni upande wa tangi. Klipu za gari la zamani ni kavu na huvunjika zikivutwa kwa pupa, basi ingiza vidole karibu na klipu yenyewe, si katikati ya kava. Nyuma yake, kwa kurunzi, utaona kebo inaishia kwenye kipande cha plastiki au chuma kilichopenya tundu la bodi. Huo ndio mkia wa ulimi. Uvute kwa vidole au kwa plaizi, polepole, kuelekea upande ambao kebo inavuta. Baadhi ya magari yana kamba ndogo au pete mahali hapo, imewekwa na kiwanda kwa ajili ya dharura kama hii, na wenye magari wengi hawajawahi kuijua.

Kwa gari la kitufe, mbinu ni ileile ya kusikiliza. Mwenzako abonyeze, wewe weka sikio nyuma. Ukisikia mota inapiga, tatizo ni ulimi au springi. Kama ni kimya, angalia fyuzi kabla ya kitu kingine chochote. Fyuzi ikiwa nzima, pima kwenye plagi ya mota kitufe kikiwa kimebonyezwa: ukipata karibu volti 12 na waya wa ardhi ni mzima, mota imekufa. Usipopata umeme, rudi nyuma ukifuata waya hadi kwenye swichi. Kabla ya kuchomoa plagi, toa kwanza waya wa hasi wa betri, ili cheche isizaliwe karibu na shingo ya tangi.

Haya, umefunguka. Usiufunge! Mafundi wapya hufurahi, wakaubamiza kuujaribu, na unagoma tena. Ujaribu ukiwa wazi. Mwenzako avute leva, wewe tazama ulimi: lazima urudi ndani wote na kutoka wote, bila kusita. Ukisita, tia mafuta ya kulegeza kutu, uuchezeshe kwa kidole mpaka ulainike, futa uchafu wote unaotoka, kisha paka grisi kidogo. Mafuta ya kulegeza kutu hukauka mapema, kwa hiyo hayawezi kufanya kazi ya grisi. Yasimwagikie mpira wa mfuniko wa tangi pia, maana mengine huuvimbisha. Springi iliyolegea unaweza kuikunja kidogo irudishe nguvu, lakini iliyochoka kabisa ibadilishe.

Na chungulia chini ya shingo ya tangi, pale kwenye kile kibakuli. Kina kitundu cha kutolea maji. Gari likishakula vumbi miaka mingi, kitundu kinaziba kwa tope, maji ya mvua na ya kuoshea yanakaa humo, na bawaba inaoza kutoka chini. Watu hubadilisha kebo na springi, baada ya miezi mlango unagoma tena, kwa sababu bwawa bado lipo. Kizibue kwa waya laini au kipande cha mrija, kisha, mfuniko wa tangi ukiwa umekazwa vizuri, mimina maji kidogo na uangalie yanadondoka chini ya gari.

Kama kebo mpya itachelewa kupatikana, funga kamba imara kwenye mkia wa ulimi, ipitishe ndani ya buti, na uifunge mahali ambapo mizigo haitaivuta. Kabla hujamkabidhi mwenye gari funguo, mwite nyuma ya gari, mpe ile kamba mkononi, na umwache aufungue mlango mwenyewe mara mbili tatu.