Mwiba umechoma mguuni, mtoki umetoka kinenani

SWALI: Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Juzi nikiswaga mbuzi nilichomwa na mwiba wa mgunga chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kesho yake mtoki ukatoka kinenani upande uleule. Jirani anasema sumu imepanda, niukande kwa maji ya moto na ninywe amoxicillin. Nifanyeje, daktari?

JIBU: Mtoki usiukande, na usikubali mtu auchanje. Uko kazini. Shughulika na mguu.

Mwiba ulipopenya uliingiza bakteria wa kwenye ngozi na udongo. Seli za ulinzi zinazokaa nyamani siku zote, makrofaji, zikaanza kuwameza huku zikimwaga kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu ikatanuka na kuvuja, ndiyo maana pakawa pekundu, pa moto, pamevimba. Saa chache baadaye zikafika nyutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine katika damu. Hizo zikifa kwa wingi ndizo usaha.

Sehemu ya maji yaliyovuja huingia kwenye mirija ya limfu, na ya hapo ulipochomwa humwaga kwenye tezi za kinena. (Ungechomwa kisigino upande wa nje, huenda uvimbe ungeanzia nyuma ya goti.) Seli maalumu hubeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi, ambayo huzuia limfosaiti (chembe nyeupe ambazo kila moja hutambua mdudu wake) zinazopita zisitoke, ili zile chache zinazomtambua mdudu huyo zizaliane. Ndipo tezi huvimba, na huo ndio mtoki. Kwa mdudu mgeni, kingamwili (protini za kumkamata mdudu) huanza kuonekana baada ya karibu wiki.

Osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, dakika 5 hadi 10. Ncha ikibaki ndani lazima itolewe, la sivyo usaha utarudi kila mara. Ikiwa imezama, usichokonoe, nenda zahanati. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya taa. Amoxicillin ya kujinunulia iache: stafilokoka, bakteria wa ngozini, wengi wana kimeng'enya kinachoivunja.

Ninachohofia zaidi ni pepopunda. Mbegu zake zimo kwenye udongo na samadi, na hupenda tundu jembamba lisilo na hewa. Sumu yake huua kwa kiasi kidogo mno kisichotosha hata kuamsha kinga, hivyo aliyewahi kuugua akapona bado anahitaji chanjo. Wanawake wengi huchanjwa wakiwa wajawazito; wanaume wazima ndio husahaulika. Kama imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, chanjwa leo. Kama hukuwahi kukamilisha dozi, uliza pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, kwa sababu chanjo ya kwanza huchelewa kufanya kazi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, homa na kutetemeka, mtoki unaobonyea kama una maji, au taya kukaza. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo. Mtoki mgumu usiouma, au uliopita wiki 4, upimwe.