Ndiyo, Tulikwenda Disney Kulala

Wiki iliyopita dada mmoja wa Minnesota ameniandikia. Ana watoto wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili, wanapanga kwenda Disney ya Orlando, Florida, pamoja na familia ya kaka wa mumewe, na anataka ushauri ili "hela ya tiketi isiende bure". Nimeisoma meseji nikacheka peke yangu jikoni, halafu roho ikaniuma, maana hiyo hela ya tiketi ndiyo iliyoniharibia uhusiano na wifi yangu mpaka leo.

Tulikwenda Walt Disney World, hiyo hiyo Disney ya Orlando yenye viwanja vinne vya michezo, majira ya joto, sisi kwa gari kutoka Atlanta, wifi na mumewe na watoto wao kutoka Texas. Safari ya barabarani naiacha, I-75 haina cha kusimulia. Lakini maandalizi yangu nayasimulia, kwa sababu niliyafanya vizuri na hakuna aliyenipongeza.

Kwanza umri. Disney mtoto aliye chini ya miaka 3 anaingia bure. Akishatimiza 3 anakatiwa tiketi inayopungua kidogo tu kuliko ya mtu mzima, na akifika 10 anahesabiwa mtu mzima kamili. Mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza mitatu, na wiki hizo hazikuja kwa bahati, nilizihesabu kwenye kalenda nikiwa bado sijamwambia hata mume wangu. Walioko Ulaya, Disneyland Paris nako chini ya miaka 3 ni bure.

Pili kimo. Niliwapima nyumbani bila viatu, kisigino kwenye ukuta, kitabu juu ya kichwa, alama ya penseli. Ile treni ya Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97, na Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, inataka 112. Mchezo wa tembo Dumbo na boti za "it's a small world" hazina kipimo, hata mtoto wa kubebwa anapanda. Mkubwa wangu alikuwa amevuka 97 kwa upana wa kidole. Hiyo 112 ilikuwa mbali, kwa hiyo jina la Space Mountain halikutamkwa ndani ya nyumba yangu.

Kijana wa wifi, wa miaka sita, yeye alikuwa ameahidiwa Space Mountain. Pale mlangoni mhudumu anashika kijiti cha kupimia. Mtoto akasimama, akanyanyua visigino. Mhudumu akainama, akamwambia taratibu ashushe miguu, na kijiti kikapita juu ya nywele zake bila kugusa kitu. Baba yake akaanza kubishana habari ya unene wa soli. Jamani, pale hakuna anayepunguziwa sentimita hata umlilie. Mtoto alilia mpaka akatapika juisi, na mimi niliyekuwa nimeuliza wiki nzima "mmempima?" nikaambiwa nina uso wa kufurahia.

Sikufurahia. Ila ningependa mtu mmoja akumbuke kwamba niliuliza.

Kwa michezo ambayo mkubwa anaweza na mdogo hawezi, kuna utaratibu unaitwa Rider Switch. Mwambie mhudumu mlangoni kabla hamjaingia kwenye foleni. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnapokezana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Ni bure, lakini nimeona wazazi wakigombana nani abaki nje kwa kutojua tu.

Sasa tuje kwenye kulala. Magic Kingdom, kile kiwanja chenye michezo hiyo niliyoitaja, ukishaegesha gari bado hujafika. Pale maegeshoni unapanda ama treni ya juu ama kivuko kuvuka ziwa, ndipo ufike getini. Kwa hiyo anayetaka kufika wakati geti linafunguliwa aondoke mapema sana. Sisi tulifanya hivyo. Asubuhi ile, foleni zikiwa fupi, tulipanda vitu ambavyo mchana watu wanavisimamia saa nzima juani. Ilipofika adhuhuri nikasema tunarudi hotelini watoto walale. Wifi akanitazama kama nimetukana. "Tutoke na jua liko hapo? Tiketi zote hizi?"

Tukatoka. Hoteli yetu haikuwa ya Disney, ilikuwa Lake Buena Vista, mwendo mfupi. Nilikuwa nimeichagua kwa dakika, si kwa bei. Wao walikodi nyumba kubwa ya bei nafuu huko Davenport, yenye bwawa la kuogelea na vyumba vya kutosha, lakini kwenda na kurudi mchana haiwezekani, na hapo ndipo nyumba ya bei nafuu inapokula ile hela uliyookoa. Watoto wangu wakalala. Alasiri ikaja mvua ya radi, kama ilivyo desturi ya Florida majira ya joto, na radi ikikaribia michezo ya nje inasimamishwa. Nikiwa nimejinyoosha kitandani ikaingia meseji kwenye grupu la ukoo: "Kuna watu wamekuja Disney kulala 😂". Mama mkwe akacheka. Mashemeji wakacheka. Mume wangu, Mungu amsaidie, naye akaweka kikatuni.

Jioni tukarudi na watoto wapya. Tukawakuta wenzetu wamelowa chini ya kibanda cha popkoni, hakuna anayemsemesha mwenzake. Tukaangalia fataki. Na hapa sikiliza, mwenzangu: kigari cha mtoto cha kukodi ndani ya kiwanja hakitoki nje ya geti. Mume wa wifi alimbeba yule wa miaka sita, mzima, amelala, toka getini hadi kwenye kivuko na toka kivukoni hadi kwenye gari. Sisi tulikuja na kigari chetu, nimefunga kipande cha kanga kwenye mshikio, kwa sababu vigari huachwa nje ya mchezo na wahudumu huvisogeza kuvipanga, ukitoka unakuta bahari ya vigari vyeusi vinavyofanana. Changu nilikiona kwa mbali kila mara.

Chakula unaruhusiwa kuingia nacho, mradi si chupa za kioo wala pombe. Nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Maji ya barafu unapewa bure kwenye mikahawa ya kaunta, omba tu. Na kila kiwanja kati ya vile vinne kina Baby Care Center, pana kiyoyozi, pa kubadilishia nepi, pa kunyonyeshea. Wanaoogopa aibu ya kunyonyesha hadharani mniandikie, nitawachorea ramani.

Kama nafasi ni ya kiwanja kimoja tu na watoto ni wadogo kabisa, mimi ningechukua Animal Kingdom. Kilifunguliwa 1998, na ndani yake kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kimejengwa kwa sura ya mji wa pwani yetu, na vibao vya Kiswahili ukutani. Safari ya lori ya Kilimanjaro Safaris haina kipimo cha kimo. Dereva alipotupokea kwa "Jambo!", mwanangu wa miaka minne akamjibu "Shikamoo", na yule kijana hakujua la kufanya. Nilimtumia mama yangu video Tanga, akanipigia: "Mmelipa hela yote hiyo kwenda kutazama twiga?"

Ndugu zangu, mtoto wa miaka mitatu hajui bei ya tiketi. Anajua joto, njaa na usingizi. Ukimkokota mpaka usiku ili urudishe hela yako, hela hairudi, na picha zote zina machozi. Mambo haya nayasema kwa upendo, na wifi kama unasoma, nakusalimia.

Dada wa Minnesota, swali lako la mwisho lilikuwa kama mwende pamoja na shemeji yako. Ndugu ni wenu, siwezi kuwakataza. Ila kabla hamjalipia chochote, mpigie mkewe, umuulize siku za mapumziko huwa wanaamka saa ngapi.