remove imerudisha false na hukuiona

Ukiita remove kwenye orodha ya Java na kitu kisitoke, programu haitakufokea. Hakuna hitilafu, hakuna maandishi mekundu. Methodi inarudisha false, na kwa kuwa wengi wenu huandika kapu.remove(b) bila kusubiri jibu, ile false inapotea hivi hivi. Ndiyo maana wanaoanza kazi huniletea swali lile lile: "Kaka, nimefuta lakini bado kipo." Hapo mtu ameshapekua hifadhidata nzima, ameshailaumu skrini, ameshazima na kuwasha kompyuta.

Tuchukue programu ya duka. Kuna klasi Bidhaa yenye msimbo, jina na bei, na kapu ni ArrayList. Mteja ameghairi sukari. Programu inasoma msimbo kutoka kwenye skrini, inaunda objekti, kisha inaiambia orodha iitoe:

Bidhaa b = new Bidhaa("SUK1", "Sukari", 3000);
kapu.remove(b);

Kwa macho yetu hiyo ni sukari ile ile. Kwa ArrayList siyo. Yenyewe huanza kipengele cha kwanza na kwenda mbele, na kila inapofika huiuliza ile objekti uliyoileta, kupitia equals, kama inalingana na iliyomo. Kama hukuandika equals yako, klasi imerithi ile ya Object, klasi mama ya klasi zote za Java, na hiyo inakubali jambo moja tu: rejea zote mbili ziwe zinaelekea objekti moja kwenye kumbukumbu. Objekti zilizoundwa kwa new mbili tofauti hazipiti hapo, hata zifanane herufi kwa herufi. Mnaoanza na orodha za String hamlioni hili mapema, kwa sababu String imeshaandikiwa equals yake.

Basi andika equals. Ila kabla hujaiachia IDE (programu unayoandikia Java) ikuandikie, amua ni nini kinachoifanya bidhaa iwe hiyo na si nyingine. Dukani ni msimbo. Bei ikipanda, sukari haijageuka kuwa unga. Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri kukimbilia record, klasi fupi za kubeba data zilizoingia rasmi kwenye Java 16 mwaka 2021, kwa vitu vya namna hii: record hulinganisha vipengele vyake vyote, bei ikiwemo. Kwa kiasi cha fedha na sarafu yake ni nzuri sana.

Kuna mtego mmoja mdogo unaokula muda wa watu. Mtu anaandika equals(Bidhaa nyingine) badala ya equals(Object nyingine). Akijaribu mwenyewe a.equals(b) anapata true, anafurahi. Lakini ArrayList inaita ile inayopokea Object, kwa hiyo ya kwake haiguswi kabisa. Weka @Override juu ya methodi kila mara. Kompaila itakataa hapo hapo.

Sasa HashSet, yaani seti isiyobeba kitu kile kile mara mbili, ambako ndiko kwenye machungu. Hii haipiti kipengele kimoja kimoja. Inafanya kama karani wa posta: anasoma namba, anakwenda moja kwa moja kwenye sanduku hilo, mengine hana habari nayo. Namba hiyo hutokana na hashCode, methodi ya objekti inayorudisha namba. Ukiandika equals ukaacha hashCode, sukari zako mbili zitakuwa sawa kwa equals lakini karibu kila mara zitapata namba tofauti, na remove itatafuta kusikohusika. Sheria ya Java ni kwamba objekti zilizo sawa kwa equals lazima zitoe hashCode moja. Kinyume chake si lazima.

Hata ukiziandika zote mbili vizuri, bado fildi inaweza kubadilika baada ya objekti kuingia ndani. Hii hutokea sana kwa wanaotumia Hibernate, maktaba ya kuhifadhi objekti za Java kwenye hifadhidata. Klasi ina fildi ya id inayotolewa na hifadhidata, na hashCode imejengwa juu ya id hiyo. Objekti inaingia kwenye HashSet id ikiwa null. Inahifadhiwa, inapewa id 57, hashCode inabadilika. Sasa iite remove ukiwa umeshika objekti yenyewe, si nakala: false. Ukichapisha yaliyomo kwa lupu, inaonekana. Ukiita contains, unaambiwa haimo. Hata ikiangukia sanduku lile lile kwa bahati, haitatoka, kwa sababu HashMap iliyo chini ya HashSet hutunza hashi ya siku ya kuingia na huilinganisha kabla ya kufika kwenye equals. Nimeona watu wakidhani Java imeharibika. Dawa ni kujenga hashCode juu ya kitu kisichobadilika tangu objekti inaundwa, kama msimbo wa bidhaa au UUID (kitambulisho cha kipekee kinachozalishwa na programu), au kutoingiza objekti kwenye seti mpaka iwe imeshahifadhiwa.

TreeSet, seti inayoweka vitu kwa mpangilio, ina tabia yake nyingine, na hii inaniogopesha zaidi kwa sababu inaweza kufuta kitu kisicho chako. Haitumii equals wala hashCode. Inatumia compareTo au Comparator uliyompa, na jibu likiwa 0, kwake hivyo ni kitu kimoja. Ukipanga bidhaa kwa bei peke yake, sukari ya 3000 ikiwa imo, mchele wa 3000 hautaingia kabisa. Kisha ukisema futa mchele, itatoka sukari, na utapewa true. Ongeza msimbo kama kigezo cha pili cha kupanga.

Mnaoshika fedha, BigDecimal (aina ya namba za desimali) inaleta vurugu hiyo hiyo: 1500.0 na 1500.00 si sawa kwa equals, lakini compareTo inatoa 0. HashSet itazibeba zote mbili, TreeSet itabeba moja.

Namba nazo. Kwenye List<Integer> yenye 3, 2, 1, ukiita remove(1) inatoka 2, kwa sababu Java imeielewa 1 kama nafasi. Ukitaka thamani, andika remove(Integer.valueOf(1)). Kwenye Set<Long> mambo ni ya kimya zaidi: remove(5) inapeleka Integer, na Integer hailingani kamwe na Long. Kompaila haisemi kitu kwa kuwa remove inapokea Object yoyote. IntelliJ IDEA hutoa onyo hapo, msilizime. Andika 5L.

Kufuta ndani ya lupu ya for sitakawia nako: tumia removeIf, iliyopo tangu Java 8. Nayo huondoa vyote vinavyotimiza sharti, wakati remove ya orodha huondoa cha kwanza tu. Paketi mbili za sukari kwenye kapu zitabaki moja.

Mkihamia Python mtapumua kidogo. Pale list.remove isipokuta kitu hurusha ValueError, na ukiandika __eq__ bila __hash__ objekti zako hukataliwa kuingia kwenye set tangu mwanzo. JavaScript haina huruma hiyo: Set.delete huangalia rejea ya objekti tu, na huna pa kuielekeza vinginevyo, kwa hiyo watu huweka Map yenye msimbo kama ufunguo. Kusema kweli hata kwenye Java mara nyingi ningefanya hivyo hivyo: Map<String, Bidhaa>, kisha kapu.remove("SUK1"), na sukari iliyotoka inarudi mkononi mwako, au null kama haikuwemo.

Mkibaki na orodha au seti, jaribio la kwanza la klasi yoyote inayoingia humo liwe hili: unda objekti mbili kwa new mbili zenye msimbo mmoja na bei tofauti, ingiza ya kwanza, futa kwa ya pili, na udai true.